Yai la Vegreville lina kesi ya kujibu, lakini si ile inayosemwa

Kilometa kama 100 mashariki ya Edmonton, kwenye nyika ya Alberta nchini Kanada, kuna mji wa Vegreville wenye watu wasiofika 6,000. Jina lake ni la kasisi Mfaransa, ila sifa yake imeletwa na Waukraini: yai la alumini la zaidi ya tani mbili, linalopita mita 9 kwenda juu, ambalo upepo ukivuma hugeuka. Ni pysanka, yai la Pasaka la Kiukraini. Wasafiri hushuka garini, hupiga picha, hucheka, huondoka.

Wanaolibeza wana hoja, na moja ni nzito kweli. Yai lilisimikwa 1975 kuadhimisha miaka 100 ya polisi wa farasi wa Kanada, kwa ulinzi waliowapa walowezi. Sasa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waukraini waliotoka Galicia na Bukovina walihesabiwa maadui kwa kuwa nchi zao zilikuwa chini ya Austria. Watu wapatao 80,000 waliandikishwa, 8,579 wakafungwa kambini, wengi wao Waukraini. Kikosi hicho hicho cha polisi kilikuwa na mkono katika uandikishaji. Kumshukuru aliyekutia kwenye daftari la maadui si jambo dogo, na sina la kulitetea. Tena ardhi yenyewe ilikuwa ya Wakrii, wenyeji wa asili, chini ya Mkataba wa Sita waliotiliana na serikali mwaka 1876.

Hoja ya pili ndiyo inayonikera. Wanasema wajukuu wa walowezi hao wameacha Kiukraini, wamebaki na ngoma, maandazi ya viazi na yai la bati. Mwacha mila ni mtumwa. Waliacha, au walinyang'anywa?

Tuanze na dola 10. Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya mlowezi kupewa ekari 160. Ukiisikia hivyo unadhani ni bure. Lakini hati ilikuja baada ya miaka mitatu ya kuishi pale, kufyeka, kulima na kujenga, na wengi waliianza miaka hiyo ndani ya burdei, shimo lililoezekwa kwa udongo na majani, baridi ya Alberta ikiwa juu ya vichwa vyao. Mtu aliyevumilia hayo ili watoto wake wapate shamba hakuwa mtu wa kutupa lugha yake ovyo. Na hakuitupa: aliipeleka shuleni. Mwaka 1913 serikali ya Alberta, ikishikilia kwamba jimbo ni la Kiingereza, iliwaondoa walimu Waukraini waliofundisha kwa lugha mbili, ikisema hawana sifa. Wazazi wa karibu na Vegreville waligoma, wakashindwa. Baadaye watoto wakajifunza kuona aibu, na wengine wakabadili majina ya ukoo.

Kwa hiyo yai la 1975 lilisimama mahali ambapo kizazi kimoja nyuma Uukraini ulikuwa kitu cha kufichwa jikoni. Oktoba 1971, siku moja baada ya kutangaza bungeni sera ya tamaduni nyingi, waziri mkuu Pierre Trudeau alikwenda Winnipeg kuizungumzia mbele ya kongamano la Waukraini wa Kanada. Walikuwa wameipigania.

Wala halikuwa pambo la kuparaza rangi. Ronald Resch, mtaalamu wa kompyuta wa Utah, Marekani, alikuta hakuna hesabu iliyokwisha kueleza umbo la yai kwa namna ya kuliunda kwa vipande bapa. Ikabidi aitunge. Akaishia na pembetatu 2,208 za ukubwa mmoja na nyota 524 zinazotofautiana upana, zote zikishikana bila yai kupinda. (Anayecheka ajaribu kukunja katoni liwe yai.) Juu yake kuna meno ya mbwamwitu na mikanda isiyokatika, michoro ile ile ambayo wanawake huiweka kwa nta ya nyuki. Wao hawasemi wanalichora yai. Husema wanaliandika, pysanka imetokana na neno hilo.

Na kuhusu lugha: mwaka 1974, yai likiwa bado halijasimikwa, shule za Edmonton zilianza tena kufundisha kwa Kiingereza na Kiukraini, miaka 61 baada ya wale walimu kufukuzwa.