Ujira mdogo pekee hauundi meli
Nimesoma makala inayosema Tanzania itashindana kwenye uundaji wa meli kwa sababu ujira wa mafundi wetu ni mdogo. Hapo sikubali. Korea Kusini na Japani wanalipa mishahara mikubwa kuliko sisi, ila pamoja na China ndio wanaounda zaidi ya asilimia 90 ya meli za dunia kwa tani, kwa kuwa chuma, injini na mafundi wanavyo kwao. Mimi nachomelea matangi ya maji hapa Kizota, Dodoma, mwaka wa 11 sasa, na pesa nyingi huishia kwenye bamba la chuma lililoagizwa nje, si kwa vijana wangu. MV Liemba yenyewe, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha na kupita hapa hapa Dodoma kwa reli kuelekea Kigoma. Zaidi ya karne imepita, na injini bado tunaagiza! Tunachokiweza kweli ni vivuko, Songoro Marine wa Mwanza wanaviunda, tuanzie hapo. Wenzangu wa Mwanza na Kigoma, bamba la milimita 10 huko mnalipata kwa shilingi ngapi?