Ini la kulungu haliachwi porini

Huku Wisconsin, Marekani, msimu mkuu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ni siku 9 zinazoanza Novemba, na wenzangu kazini huungoja kama Tanga tunavyongoja Idd. Nami huenda nao, bismillahi yangu mdomoni kabla ya kufyatua. Kwa ufundi wa kumsafisha mnyama palepale alipoanguka, nawakubali kabisa.

Hulazwa chali. Kisu huzungushwa kwanza penye njia ya haja, kisha tumbo hupasuliwa kuelekea kifuani, makali yakitazama juu na vidole viwili vikiinua ngozi, ncha isije ikatoboa utumbo au kibofu. Koromeo hukatwa juu kabisa, unavuta, vyote vinatoka kwa pamoja. Anageuzwa damu imwagike na baridi iingie kifuani. Tena kulungu wa huku hana kifuko cha nyongo, kwa hiyo hakuna ule woga wetu wa kulitia ini uchungu.

Halafu wengi wao wanaliacha hilo ini chini, pamoja na figo! Eti kunguru watakula. Ubongo, uti wa mgongo na bandama naelewa: kuna ugonjwa wa kulungu unaoharibu ubongo, ulioonekana jimboni humu mwaka 2002, na mimi mwenyewe hupeleka sampuli ipimwe, sili mpaka majibu yatoke. Lakini ini zima, safi?

Mbuzi akichinjwa kwetu Ngamiani, Tanga, ini ndilo la kwanza motoni. Utumbo una waoshaji wake, kichwa na makongoro vina wenyewe, na watoto wanazunguka na sahani za majirani, kwa sababu joto letu halisubiri mtu. Huku baridi na friza vinamruhusu mtu mmoja kukaa na mnyama mzima mpaka msimu mwingine. Sidhani wanadharau chakula. Mtu yuko peke yake, jua linazama, na nyumbani hakuna anayelingojea ini.

Ndugu mnaowinda ughaibuni, bebeni mfuko safi wa ini, moyo na figo, na majibu yakitoka salama muwaite watu waje wale. Nanyi mlioko Tanga, nasikia friza kubwa zimeingia majumbani. Nawaomba, sahani ya jirani itoke kwanza, kinachobaki ndicho kigandishwe.