Pomboo wa Kizimkazi Wanahitaji Kupumzika

Kila tunapozungumzia uhifadhi hapa Unguja, swali la kwanza huwa ni lile lile: mnyama huyu anatuletea nini? Kima punju wa msitu wa Jozani anatuletea wageni, pomboo wa Kizimkazi anatuletea wageni, na kwa kuwa wageni huja na fedha, tunajipa matumaini kwamba mnyama yuko salama. Mimi sikubaliani na matumaini hayo. Mnyama anaweza kuhangaishwa na watu wale wale wanaojivunia kumhifadhi, na hayo ndiyo yanayotokea asubuhi baada ya asubuhi kusini mwa kisiwa chetu, ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai.

Watu wa Kizimkazi wanastahili kutendewa haki kabla ya kulaumiwa. Hadi miaka ya 1990 pomboo walikuwa wakivuliwa pale, nyama yao ikitumika kama chambo cha papa. Utalii ulipoingia mwanzoni mwa miaka hiyo, wavuvi waliona kwamba pomboo aliye hai anaweza kumlisha mtu leo, kesho na mwakani, na uvuvi ule ukaachwa. Mwaka 1997 ghuba nzima ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa, tena yalitokana na uamuzi wa wanakijiji wenyewe, na yeyote anayetaka shughuli hii ifutwe kabisa lazima kwanza aeleze familia zile zitakula nini.

Hata hivyo, tazama jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Boti hutoka mapema, bahari ikiwa bado shwari. Kundi la pomboo likionekana, nahodha wa kwanza hulifuata kwa nyuma, wa pili hulikata njia kwa mbele, na wengine wakiona wenzao wamekusanyika huongeza moto na kuja mbio. Mtembeza wageni hutoa amri, wageni wenye miwani na mapezi hujitupa majini kwa pamoja, pomboo huzama, kisha wageni huvutwa haraka ndani ya boti ili mbio ziendelee hadi pale mapezi ya mgongoni yatakapochomoza tena. Nimemwona mama na mtoto wake aliyekuwa ameshikamana na ubavu wake wakiibuka kati ya boti mbili, wakavuta pumzi moja tu na kuzama, na mashine zote zikageuka kuelekea kule walikokimbilia.

Pomboo si samaki. Huvuta hewa kama sisi, hubeba mimba kwa takriban miezi 12, huzaa mtoto mmoja kwa wakati mmoja na kumnyonyesha kwa muda mrefu, kwa hiyo kundi dogo likipoteza watoto wachache huchukua miaka kurudi lilivyokuwa. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa ghuba hii wamebaini kwamba boti za watalii zikiwapo, pomboo hupunguza kupumzika na kula, na muda wao mwingi huishia katika safari ya kukwepa. Zaidi ya hayo, baadhi yao hunaswa na kufa katika nyavu za jarife. Sisi tunaoambiwa tangu chuo cha Kurani kwamba kumtesa mnyama ni dhambi hatuwezi kusema haya hayatuhusu kwa sababu tu hakuna damu inayomwagika.

Lawama kubwa siielekezi kwa nahodha. Miongozo ya kuwakaribia pomboo polepole, kwa ubavuni, bila kuwazingira, ipo na manahodha wengi wanaijua. Tatizo huanzia mjini na katika mahoteli, ambako safari huuzwa kwa ahadi kwamba mgeni ataogelea na pomboo. Ahadi hiyo haitolewi na pomboo wala na bahari, lakini mtu wa kuitekeleza ni kijana wa kijijini aliyeshika usukani, mwenye deni la mafuta na wageni waliokwisha kulipa, ambaye akirudi bila kuwapa walichouziwa hukosa bakshishi na huenda akanyimwa wageni wa kesho.

Kwa maoni yangu, kuogelea na pomboo kupigwe marufuku, na safari ibaki kuwa ya kutazama kutoka botini, mashine ikiwa imepunguzwa au kuzimwa. Idadi ya boti kwa kila kundi iwekewe kikomo kinachosimamiwa baharini, na pomboo waachiwe saa ambazo hakuna boti inayowafuata. Kisiwa cha Chumbe, kilichotengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994, kinapokea wageni kwa idadi ndogo iliyopangwa, wala wageni hawajaacha kuja. Nahodha alipwe kiwango kilekile awe amewaonyesha pomboo au hakuwaonyesha, na kampuni inayotangaza kuogelea nao inyang'anywe leseni, ili gharama ya ahadi ile imfikie aliyeitoa.