Mwizi mwenye risiti

Wakili mmoja rafiki yangu aliniita mwizi pale ufukwe wa Dunga, Kisumu, ngege wa kukaanga wakiwa ndio kwanza wametua mezani. "Omera, risiti unayo," alisema, "lakini wewe ni mwizi mwenye risiti." Kosa langu? Nilikuwa nimemchezea kwenye simu albamu ya marehemu Ayub Ogada, mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, niliyoinunua na kuipakua kutoka duka la mtandaoni la nje. Hoja yake ni ile inayosikika kila jambo hili likizuka: leseni za muziki hutolewa nchi kwa nchi, duka la nje lina leseni ya huko kwao, hivyo Mkenya anayepakua kutoka huko anapitisha mali njia za panya.

Ogada aliishi Nyahera, si mbali na hapo tulipokuwa tukila samaki, na huko ndiko alikofia Februari 2019. Ila albamu yake ya 1993 ilitolewa na Real World, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa na Peter Gabriel. Nikitaka pesa yangu imfikie aliyeitoa, lazima ivuke bahari. Mpiga nyatiti ni jirani, kaunta ya kulipia iko Ulaya. Ndivyo ilivyo kwa rekodi nyingi za zamani za huku kwetu: za benga, ule muziki wa gitaa wa Waluo, kadhaa zilitolewa tena na kampuni za Uingereza miaka ya 1980, na anayezitaka leo kwa njia safi huishia kwenye tovuti ya mgeni.

Njia isiyo safi haina usumbufu wowote. Nenda Kondele, mtaa wa hapa Kisumu. Kijana ana kompyuta juu ya meza ya mbao, stika ya Gor Mahia imeanza kubanduka pembeni, na mafolda yamepangwa vizuri kuliko maktaba: Benga, Ohangla, Rhumba, Gospo, na moja limeandikwa tu "Za Wazee". Unampa flashi, anaburuta folda zima, mstari wa kijani unajaa taratibu, unamlipa pesa ya chai na andazi. Wenye nyimbo hawapati hata thumni. Kijana huyo hakuna anayemwita mwingizaji wa magendo. Mimi niliyehangaika na kadi ya benki ndiye mwizi.

Sasa sheria yenyewe. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinamhesabu kuwa mvunjaji wa hakimiliki anayeingiza nchini nakala haramu, lakini kinaweka vizuizi viwili ambavyo rafiki yangu alivipita mbio. Cha kwanza, uingizaji uwe si kwa matumizi binafsi na ya nyumbani. Cha pili, awe anajua kwamba nakala hiyo ni haramu. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko inavyostahili mtu asiye wakili, na kila mara naona yanamlenga mtu yuleyule: mfanyabiashara anayeshusha maboksi ya kanda na santuri ili akauze. Abiria aliyerudi kutoka safari na kanda mbili begini hakuwa windo lao.

Ni kweli kupakua si begi. Hapo wakili alinibana kidogo, na haki yake nampa. Ukibonyeza kitufe, hakuna kitu kinachovuka mpaka. Simu yako inatengeneza nakala mpya hapahapa Kisumu, na kunakili ni tendo la kuombewa ruhusa ya mwenye haki. Lakini sheria hiyohiyo, kwenye kifungu cha 28, inamwachia mtu nakala moja ya rekodi kwa matumizi yake binafsi, na mwenye haki afidiwe kupitia tozo kwenye vifaa vya kurekodia na kanda tupu. Nakala moja tu, kwa masikio yako.

Silaha yake nzito ilikuwa AllOfMP3, na hiyo siwezi kuipuuza. Tovuti hiyo ya Urusi iliuza muziki kwa kupima megabaiti, kama mtu anayepima sukari kwa mizani, albamu nzima kwa bei ya soda chache. Ilidai ina leseni kutoka shirika la kukusanya mirabaha la hukohuko; kampuni za kurekodi zikasema hazikumruhusu mtu yeyote. Ilifungwa 2007 baada ya Marekani kuibana Urusi, ingawa Agosti mwaka huohuo mahakama ya Moscow ilimwachilia aliyekuwa akiiendesha. Wateja wake wote walikuwa na risiti. Na 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya ACI Adam, iliamua kwamba ruhusa ya nakala binafsi haifuniki nakala iliyotoka kwenye chanzo haramu. Si sheria yetu, ila wakili yeyote hapa angeitaja.

Hata hivyo, tazama kosa la AllOfMP3 lilikuwa lipi. Kuwa Urusi halikuwa kosa. Kosa ni kuuza mali ambayo wenye haki walisema hawakuiruhusu iuzwe. Ndiyo maana hii lugha ya "tovuti ya nje" inanikera: inampima muuzaji kwa bendera badala ya kwa ruhusa. Duka la iTunes lilipofunguliwa 2003 liliwauzia Wamarekani pekee. Spotify ilifika Kenya Februari 2021. Katikati hapo, mara nyingi mtu wa Kisumu mwenye pesa mkononi alifukuzwa mlangoni, na wengine wakaomba kadi ya binamu aliyeko Marekani. Aliyefanya hivyo alivunja masharti ya duka, sikatai. Duka lina haki ya kumfungia akaunti. Lakini pesa iliingia, na mwenye wimbo alipata fungu lake, jambo ambalo lile folda la "Za Wazee" halijawahi kufanya.

Tulipomaliza kunawa, wakili aliuliza kama ningeweza kumtumia ule wimbo wa tatu kwa WhatsApp. Nikamwambia nakala yangu moja nimeshaitumia, nikamtumia anwani ya duka. Hadi leo hajanunua.