Ruzuku ya usafiri wa umeme ianzie Mbeya, na ifuate betri

Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku. Mfuko wa DAP wa kilo 50 uliokuwa umevuka shilingi 120,000 ukashuka hadi 70,000. Mkulima wa Mbozi au Rungwe hakuambiwa atoe bei yote kwanza halafu aandike barua ya kudai arudishiwe. Alijiandikisha, akapata namba, akaenda kwa wakala, akalipa 70,000 yake na kubeba mfuko. Kilichobaki Serikali ilimalizana na muuzaji. Foleni zilikuwepo, mawakala walio mbali walikuwepo, na wengi tulilalamika. Lakini mbolea ilifika shambani.

Fedha ya namna hiyo naitaka kwenye usafiri. Bodaboda, bajaji na daladala za jiji hili zihame kutoka petroli na dizeli kwenda umeme, na Serikali ibebe sehemu ya gharama. Tena naitaja Mbeya makusudi. Mwendokasi ulianzia Dar es Salaam mwaka 2016, treni ya umeme ikaanzia huko huko mwaka 2024 kuelekea Morogoro na Dodoma. Ni sawa, watu wako wengi kule. Ila kwa pikipiki ya umeme, milima yetu ina hoja ambayo Kariakoo hawana.

Jiji letu liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kawaida ya petroli hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo pikipiki ile ile inayokimbia vizuri pwani, huku imeshapungua nguvu kabla hata haijabeba abiria, kisha tunaidai ipande vilima. Simama Uyole siku ya soko uangalie kijana akifungiwa gunia la viazi la lumbesa. Anaingiza gia ya kwanza, anavuta mafuta mpaka mwisho, pikipiki inalia kama inakatwa, moshi unabaki nyuma yake kwa akina mama wenye meza za nyanya. Mbele kidogo anasimama, anatikisa tenki asikie kama kuna kitu, anaweka mafuta ya buku tatu, safari inaendelea.

Mota ya umeme haivuti hewa, hivyo mwinuko hauipunguzii nguvu. Na zile zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, kwenye mteremko mota hugeuka kuwa jenereta, ikarudisha sehemu ya chaji kwenye betri na kuipunguzia breki mzigo. Anayeijua Iwambi au Mlima Nyoka hahitaji kuelezwa breki zina maana gani.

Hesabu ya mfukoni nayo iko wazi. Pikipiki ya petroli hutumia kama lita mbili na nusu kwa kilomita 100, na lita moja kwa miaka kadhaa sasa imekuwa juu ya shilingi 2,500. Hiyo ni zaidi ya 6,000. Ya umeme hutumia kama uniti nne kwa umbali huo, na uniti moja ya Luku kwa mtumiaji wa kawaida ni kama shilingi 350, yaani 1,400. Hata tukiongeza faida ya mwenye kituo, bado kinabaki kitu cha kupeleka nyumbani. Kwa kijana wa mkataba, anayempelekea bosi hesabu kila jioni mpaka chombo kiwe chake, tofauti hiyo ni ada ya mtoto.

Kwa nini basi hawahami? Betri. Ndiyo yenye bei kubwa kuliko kifaa kingine chochote kwenye chombo hicho, na ndiyo inayochoka kwanza. Kijana mmoja wa kijiwe cha Kabwe aliniuliza swali ambalo nadhani kila mpanga bajeti angetakiwa alisikie: "Umeme ukikatika usiku, mama, kesho yake bosi nampa nini?" Nilimwambia, "Ndiyo maana betri isiwe yako, mwanangu." Kigali na Nairobi wameshaanza hivyo: dereva ananunua pikipiki bila betri, ikiisha chaji anaingia kituoni, anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa, analipia chaji tu. Kituo chenye betri za akiba hakisimami kwa sababu umeme umekatika saa mbili. Hata baridi yetu ya Juni na Julai, ambayo kweli hupunguza umbali betri inaoweza kwenda, haimuumizi sana dereva anayejua kituo kingine kiko mbele.

Ndiyo maana nasema ruzuku ifuate betri na vituo kwanza, kabla ya vyombo. Ukigawa pikipiki 200 kwenye hafla yenye maturubai, wakati Mbalizi hakuna pa kubadilishia betri, baada ya miezi utazikuta zimeegeshwa nyuma ya nyumba.

Wenzetu wa California huko Marekani wamekaa na jambo hili muda mrefu. Tangu mwaka 1998 wana mpango uitwao Carl Moyer, unaolipia kubadilisha injini kuukuu za dizeli, na sharti lake ni kwamba injini ya zamani iharibiwe isirudi barabarani. Mwaka 2007 walipitisha sheria iliyozaa mfuko mwingine, unaopeleka hadi takriban dola milioni 100 kwa mwaka kwenye vituo vya kuchaji na nishati nyingine safi, fedha ikitoka kwenye tozo ndogo za usajili wa magari. Kwa malori na mabasi wana vocha: muuzaji anakata punguzo papo hapo, mnunuzi analipa kilichobaki. Ni utaratibu ule ule wa mfuko wa DAP. Sharti la kuharibu chombo cha zamani ningelitumia kwa Kosta na Haisi zilizochoka zinazotoa moshi mweusi; kwa bodaboda ningelegeza, maana kwa wengi pikipiki ya zamani ndiyo mtaji pekee wa kuanzia.

Tusidanganyane kwamba Serikali haina desturi ya kutia fedha kwenye vyombo vya moto. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, imenunulia vikundi vya vijana bodaboda na bajaji za petroli nchi nzima. Mkopo huo hauna riba. Ni fedha ya umma, na inaweza kuwekewa sharti jipya bila kuunda ofisi nyingine.

Na chanzo cha ruzuku yenyewe? Mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kwenye tozo za lita, shilingi 10 ziende kwenye vituo vya betri. Sehemu yake iende vyuo vya ufundi vya VETA na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, tupate mafundi. Leo fundi wa chini ya mwembe anaijua kabureta kwa macho yaliyofumba, lakini hajafundishwa kufungua betri ya lithiamu bila kujiunguza.

Malori yanayokwenda mpakani Tunduma siyaingizi humu. Mzigo ule ni wa reli ya TAZARA, ndiyo ilijengwa kwa kazi hiyo.

Tunawaondoa mama zetu kwenye moshi wa kuni kwa mitungi ya gesi ya ruzuku, na mimi naunga mkono kwa moyo wote. Mama huyo huyo akimaliza kupika anakwenda kukaa Kabwe na beseni la ndizi, hatua mbili kutoka bomba la Kosta linalonguruma likisubiri abiria. Mapafu ni yale yale.

Halmashauri huanza kuandaa bajeti miezi mingi kabla ya ile ya Taifa kusomwa Juni, hivyo viongozi wa vijiwe wapeleke maombi kwa madiwani mapema, yakiwa na orodha ya mahali wanapotaka vituo. Yangu ni Uyole, Kabwe, Mafiati, Iyunga na Mbalizi. Mbalizi iko chini ya halmashauri nyingine, ndiyo, kwa hiyo Jiji na Wilaya wakae meza moja, kwa sababu abiria wa Mwanjelwa anashukia huko.