Tuzo mkononi, shamba kwa jina la nani?

Kila inapokaribia tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, na tena kuelekea kilele cha Nane Nane, sikukuu ya wakulima, maofisa maendeleo ya jamii na maofisa ugani huanza kutafuta mwanamke wa kupandishwa jukwaani na kupewa tuzo. Anaweza kuwa mama aliyesomesha watoto kwa bustani ya mchicha, mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, au bibi anayelisha wajukuu sita kwa ekari mbili za mahindi. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mwanamke Mkulima, kwa hiyo vyeti, ngao na vitenge vya sare vinazidi kutafutiwa wenyewe.

Wapo wanaosema tuzo hizi ni upotevu wa fedha, bora zinunue mbolea. Wengine wanaziona ndiyo njia pekee ya kumfanya mwanamke wa kawaida aonekane. Wote wana sehemu ya ukweli, lakini kuna swali ambalo fomu za uteuzi haziulizi: shamba analosifiwa kwalo ni la nani? Jibu lake ndilo linaloamua kama tuzo itamwinua mshindi au itamletea balaa.

Tuanze na wanaozitetea. Mfano mkubwa hapa Tanzania ni Mama Shujaa wa Chakula, shindano lililoanzishwa na Oxfam mwaka 2011 kwa ajili ya wakulima wadogo wanawake. Baadaye liliingia kwenye televisheni: washiriki walikaa pamoja kijijini, wakapewa kazi za kufanya, na watazamaji wakawapigia kura kwa ujumbe wa simu. Kabla ya hapo mkulima aliyeonekana kwenye luninga alikuwa mwanamume mwenye trekta, na mwanamke alionekana nyuma yake akipeta. Ghafla nchi nzima ikamsikia mwanamke akieleza kwa nini anachanganya mahindi na mbaazi, na jinsi anavyotunza mbegu hadi msimu ujao. Mtu aliyezungumza mbele ya taifa haogopi tena kusimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na huko ndiko ardhi inakogawiwa. Faida hiyo haipimwi kwa fedha na haipaswi kubezwa.

Faida ya pili ni ya kawaida zaidi: cheti hufungua milango ya ofisi. Ukiomba mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, unatakiwa kuwa na kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Mkopo huo hauna riba. Kikundi chenye mwanachama aliyewahi kutambuliwa hadharani hakianzi kwa kujieleza ni nani. Ofisa tayari anakijua, na mara nyingi amekwishafika shambani kwao. Kwa wanawake ambao barua zao hukaa mezani miezi mitatu, kujulikana huko ni mtaji.

Upande wa pili una hoja nzito pia, na baadhi yake zinatokana na namna washindi wanavyopimwa. Kamati nyingi huuliza, "Ulivuna magunia mangapi?" Swali hilo humpa ushindi mwenye eneo kubwa. Mwanamke mwenye ekari moja aliyevuna magunia 16 ya kilo 100 amefanya kazi bora kuliko mwenye ekari kumi aliyevuna magunia 60, lakini wa pili ndiye atakayepanda jukwaani. Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Kabla ya kuvuna, pima miraba mitatu ya mita 5 kwa 5 ndani ya shamba, mbali na kingo na mbali na kichuguu, kwa sababu mimea ya pembeni hupata mwanga zaidi na ile ya kwenye kichuguu hupata rutuba isiyolingana na shamba lote. Vuna, pukuchua, kausha hadi punje ivunjike kwa mlio ukiing'ata, kisha pima. Mraba mmoja ni mita za mraba 25, na ekari ina takribani 4,047. Wastani wa kilo 10 kwa mraba ni kama kilo 1,600 kwa ekari. Kamati isiyofanya hivi inatoa tuzo kwa ukubwa wa ardhi, na wenye ardhi kubwa tunawajua.

Zanzibar tatizo linajitokeza kwa sura nyingine. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, na tangu mwanzo wakulima wake wengi wamekuwa wanawake. Mkulima hupigilia vigingi mchangani, hufunga kamba, hutundika vipande vya mbegu, kisha husubiri kama wiki sita na kuvuna wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Kilo saba hadi nane za mwani mbichi hutoa kilo moja kavu. Ukimpima mkulima kwa kilo kavu alizouza, unapima pia jamvi au chanja ya kuanikia: aliyeanika mchangani hukatwa uzito kwa ajili ya mchanga, na aliyenyeshewa hupoteza mzigo mzima. Tena aina yenye bei nzuri, cottonii, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyopata joto, hivyo wengi wamebaki na spinosum ya bei ndogo. Anayetaka kuendelea na cottonii inabidi aende kina kirefu, na huko inatakiwa kujua kuogelea na kuwa na chombo, vitu ambavyo wanawake wengi wa pwani hawakufunzwa wala kupewa. Wapo pia watoto na majirani waliokaa kivulini kufunga mbegu kwenye kamba siku nzima. Tuzo ya mtu mmoja kwa kazi ya namna hii haina budi kuacha manung'uniko, na kikundi kilichofanya kazi miaka kadhaa kinaweza kuvunjika kwa sababu ya picha moja na hundi moja.

Nageukia sasa zawadi yenyewe, maana hapa ndipo nia njema huharibikia. Pawatila, yaani trekta dogo la kuongozwa kwa mkono, imependwa sana kama zawadi tangu enzi za Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa kukuza kilimo ulioanza mwaka 2009. Mashine hiyo ni nzuri kwenye majaruba ya mpunga yenye tope. Ipeleke kwenye udongo mgumu wa Dodoma au Singida kabla ya mvua, itarukaruka juu ya ardhi, meno yake yataisha na mikanda itakatika. Hata pale inapofaa, inahitaji dizeli, oili ya kubadilisha, vipuri na mtu wa kuiendesha. Mara nyingi mwendeshaji huwa mume, kaka au kijana wa jirani, na anayeshika ufunguo ndiye anayeamua ianze kulima shamba gani. Mshindi hulimiwa wa mwisho, mvua zikiwa zimekwishapita. Aliyepewa mashine ya kukoboa karibu na nyumba, tangi la maji au mbuzi wa maziwa hubaki na mamlaka juu ya zawadi yake kwa urahisi zaidi, japo picha yake jukwaani haipendezi kama ya pawatila.

Hoja kubwa kuliko zote ni ardhi. Mwanamke akitangazwa kuwa mkulima bora, thamani ya shamba lake hupanda machoni pa watu wote, pamoja na shemeji zake. Eneo ambalo ukoo ulimwachia kwa sababu lilikuwa na mawe sasa lina migomba na kisima. Mume akifariki, au ndoa ikivunjika, ndipo inapoonekana kwamba sifa zilikuwa zake na ardhi ni ya wengine. Sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo hutajwa mpaka leo kwenye vikao vya mirathi, zinamnyima mjane fungu katika mali ya mumewe na kumwachia atunzwe na watoto wake. Kumsifia mtu hadharani kwa mali ambayo anaweza kuporwa baada ya arobaini ni kumwongezea maadui.

Wakati huohuo sheria ya nchi inampa silaha, na hapa ndipo nadhani waandaaji wa tuzo wanapoteza nafasi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria ya vijiji. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Mahakama nazo zilitambua kazi ya mwanamke wa kawaida zamani, tena kwa uzito ambao ngao haiwezi kuufikia. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona alikwishapewa fedha na mumewe, naye Bi Hawa akazitumia vibaya, lakini kanuni ilibaki na imewasaidia wengine wengi. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu ya Mwanza iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. Hao ni wanawake wa kawaida, hawakupigiwa makofi, na majina yao yanasomwa na kila mwanafunzi wa sheria nchini.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: sehemu ya bajeti ya tuzo igeuzwe kuwa gharama za hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, kwa mshindi na kwa wanakikundi wenzake. Hatua zake zinajulikana. Kwanza hakikisha kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Bila hivyo maombi hayatasogea, na ni heri kulijua hilo kabla ya kutangaza zawadi. Kisha mwombaji hujaza fomu kwa afisa mtendaji wa kijiji. Siku ya uhakiki, majirani wa pande zote wanatembea mpakani pamoja na kamati, alama zinachukuliwa, na kila jirani anasaini. Maombi yanapita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, hati inaandaliwa ikiwa na picha ya mmiliki, inasainiwa na kusajiliwa wilayani, na nakala inatunzwa kwenye masjala ya kijiji.

Yanayokwama ni yaleyale kila mahali. Jina la kwenye kitambulisho cha taifa halifanani na la kwenye fomu, kwa sababu mama anajulikana kijijini kwa jina la mtoto wake. Mume anaandikwa mmiliki na mke anaandikwa shahidi, halafu hakuna anayegundua hadi siku ya msiba. Ndoa ya wake wawili inaandikwa hati moja yenye jina la mke mkubwa, na mke mdogo anayelima eneo hilo anakosekana. Masjala haina kabati, nakala zinaliwa na mchwa. Ofisa anayejua kazi yake humsomea mwombaji kwa sauti sehemu ya aina ya umiliki kabla hajaweka dole gumba: pekee, wa pamoja, au kwa mafungu, yaani kila mmoja akiwa na fungu lake.

Pendekezo hili lina wapinzani, na si wa kupuuza. Wanasema kuingiza hati kwenye tuzo ni kupeleka ugomvi ndani ya nyumba iliyokuwa imetulia. Mume aliyefurahia mkewe kushangiliwa anaweza kugeuka akisikia habari ya jina kwenye karatasi. Ni kweli hutokea, na ndiyo sababu hati isitangazwe jukwaani wala kulazimishwa. Mshindi aulizwe faraghani, apewe chaguo la umiliki wa pamoja na mumewe, na akikataa apewe zawadi nyingine yenye thamani ileile. Kuna wanawake wanaojua vizuri kuliko mgeni yeyote ni lini jambo hilo lisemwe nyumbani kwao. Wengine wanasema hati pekee haimlindi mjane mbele ya shemeji mwenye panga. Ni kweli pia, lakini mwenyekiti wa kijiji mwenye nakala kwenye masjala ana la kushika, na baraza la ardhi lina pa kuanzia.

Hoja ngumu zaidi kwangu ni ile ya gharama ya muda. Wiki tatu za kambi ya shindano zikiangukia palizi, magugu hayasubiri. Shindano likiwa la msimu wa kilimo, mwandaaji hana budi kulipa vibarua wa kupalilia shamba la mshiriki, kwa viwango vya kijiji hicho, kabla ya gari kuja kumchukua. Kama bajeti haitoshi, kambi ihamishiwe baada ya mavuno.

Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipoanzisha vuguvugu la kupanda miti la Green Belt nchini Kenya mwaka 1977, wanawake walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika na kuendelea kuishi. Hakuna aliyelipwa kwa kuhudhuria uzinduzi. Waandaaji wa tuzo wangeweza kuazima utaratibu huo kwa kugawa zawadi mara mbili: nusu siku ya kutangazwa, na nusu baada ya miezi 18, ofisa anaporudi kijijini akiwa na maswali manne. Shamba bado analilima yeye? Mapato ya msimu uliopita yalipita mkononi mwa nani? Kikundi bado kinakutana? Jina lililo kwenye masjala ni la nani? Nusu ya pili isizuiliwe kwa majibu mabaya, kwa maana hiyo itakuwa kumwadhibu aliyeporwa. Majibu hayo yatumike kumpatia msaada wa kisheria pale ulipohitajika, na kurekebisha fomu ya uteuzi kabla ya Machi inayofuata.