Skrubu ya Mgongo Ikigusa Aota: Itolewe au Iachwe?

Mgonjwa wa Lamu amefungwa vyuma vya uti wa mgongo Mombasa, amerudi kisiwani, anatembea vizuri. Miezi kadhaa baadaye anapigwa picha ya CT (eksirei ya kompyuta) kwa sababu nyingine kabisa, na ncha ya skrubu moja inaonekana imeegemea aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Hana maumivu yoyote. Afunguliwe tena?

Tatizo hili hutokea zaidi kifuani, upande wa kushoto, kuanzia pingili ya 5 hadi ya 10, ambako aota hushuka ikiwa imelalia mfupa. Skrubu hupita kwenye daraja jembamba linalounganisha nyuma ya pingili na mwili wake. Hapo daraja lenyewe huweza kuwa na upana wa milimita 5 tu, na skrubu ina unene wa 4.5. Pembe ikikosewa kidogo, skrubu hutokea ubavuni. Ikitumika ya milimita 45 panapotakiwa 35, hutokea mbele. Mgongo uliopinda na kujizungusha huzidisha hatari.

Wanaotaka itolewe wana hoja nzito. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, aota hujisugua kwenye chuma kama mara 100,000 kwa siku. Ukuta unaweza kulika polepole, damu ikavuja na kujikusanya kando ya mshipa, kisha siku moja ikapasuka. Kwa mtu wa Lamu siku hiyo ni boti hadi Mokowe, halafu Witu, Garsen na Malindi kabla ya kuiona Mombasa. Hafiki.

Upande wa pili nao hausemi ovyo. Chuma hung'aa kwenye CT na kuonekana kinene kuliko kilivyo. Tena picha hupigwa mgonjwa akiwa chali. Akirudiwa kifudifudi, na dawa ya rangi mshipani, mara nyingine aota husogea mbele na kuachana na skrubu. Na kuitoa si kazi ya bisibisi tu. Ikiwa ncha imeshatoboa, yenyewe ndiyo kizibo. Ndiyo maana daktari wa mishipa lazima awe chumbani, na stenti yenye kitambaa (bomba la kuziba mshipa kwa ndani), pana kuliko aota kwa asilimia 10 hadi 20, iwe tayari kabla skrubu haijazungushwa. Stenti nayo ina gharama zake: hufunika vijishipa vinavyolisha uti wa mgongo, hivyo kuna hatari ya kupooza, na kijana aota yake bado inakua.

Sisi tunaona hivi: ncha iliyobonyeza au kuingia ukutani itolewe, kwa mpango, hata kama mgonjwa hasikii kitu. Inayogusa tu na kuachana akilala kifudifudi iachwe, CT irudiwe. Mifupa ikishaungana, skrubu hutoka bila mgongo kulegea. Kabla ya hapo hubadilishwa kwa fupi. Katikati ya hali hizo mbili, umbali uhesabiwe: anayekaa mbali atolewe skrubu mapema kuliko jirani wa hospitali kubwa.

Vyovyote iwavyo, mgonjwa asiondoke bila CD ya picha zake na karatasi yenye urefu na unene wa kila skrubu. Maumivu mapya ya kifua au mgongo, kukohoa damu au kizunguzungu cha ghafla ni safari ya siku hiyo hiyo.